Tangazo la Njia ya Chwele

Kabla hajamwona Naim kwa macho, Arafa Hamdun alikuwa ameshabishana naye karibu mwaka mzima. Walibishana kwa simu, kwa heshima, na mara nyingi kwa kicheko. Yeye alikuwa injinia wa kituo cha Kitale, Naim wa kituo cha Bungoma, wote waajiriwa wa kampuni moja ya faiba, na kati yao palikuwa na njia mbili za kebo zisizoishiwa na vituko.

Njia ya kwanza ilifuata barabara kuu, ikapita Misikhu na Webuye. Ya pili, ya zamani zaidi, ilizunguka upande wa Chwele, ikashuka katikati ya miwa ya Kabuchai mpaka Bungoma mjini. Ilikuwepo na ya tatu, ndefu kupindukia, iliyoanza kwa kwenda Eldoret ndipo igeuke, lakini hiyo watu waliikumbuka siku za shida tu.

Nyumbani kwao, nyuma ya msikiti wa Kitale, hakuna aliyeielewa vizuri kazi hiyo. Baba yake, Mzee Hamdun, fundi cherehani, alikuwa akiwaambia wateja kwamba binti yake "anachunga intaneti". Mama yake, Bi Suad, ndiye aliyetaka kujua hasa. Jumapili moja, wakikanda unga jikoni, alimbana.

"Hebu niambie polepole, kama unamwambia mtoto. Ukifika pale kazini unafanya nini?"

"Mama, tuna mitambo inayopitisha mwanga ndani ya nyuzi za kioo. Ndani ya huo mwanga kuna mizigo: simu za watu, mambo ya benki, ya hospitali. Sasa kila kituo kinawatangazia wenzake. Kinasema, mimi nina njia ya kwenda mahali fulani, inabeba mizigo ya aina hii na hii, na nafasi iliyobaki ni hii. Jirani akisikia anampasha jirani yake, mpaka vituo vyote vinakuwa na ramani moja. Mzigo ukija, kituo kinaangalia ramani, kinachagua njia inayouweza."

Bi Suad aliendelea kukanda huku akiwaza. "Kama ile orodha ya ukutani pale hotelini karibu na stendi," alisema hatimaye. "Pilau, biriani, samaki wa nazi. Ukishakaa na kunawa mikono unaambiwa leo kuna maharagwe tu."

Arafa alicheka mpaka unga ukamrukia kwenye shungi. "Hiyo ndiyo tunaiogopa, Mama! Ndiyo maana orodha inaandikwa na mitambo yenyewe. Inazisoma kadi zake, vile vipande vinavyochomekwa ndani yake kuongoza kila njia, inasema kile ilicho nacho."

Na kwa kawaida ilikuwa hivyo. Lakini mwezi wa pili, Bungoma waliletewa kadi mpya ya njia ya Chwele. Kadi za zamani zilikuwa zimeigawa njia katika vyumba vikubwa vikubwa, na mzigo mdogo ukija peke yake hazikuutambua hata kidogo. Hizi mpya ziligawa vyumba vidogo, nusu ya vile, ili hata mizigo midogo ipate pa kukaa. Kitale nao walikuwa waletewe kadi yao, ila ilikuwa bado njiani. Kwa hiyo kadi mpya ya Bungoma ilipowashwa na kuongea na mwenzake mzee wa Kitale, iligundua kwamba huyu hajui vyumba vidogo, ikakubali kufuata mtindo wake, na ikatangaza mizigo mikubwa tu. Ilifanya sawasawa na ilivyoundwa.

Asiyependa alikuwa Naim. Aliingia kwenye mtambo akaandika kwa mkono wake kwamba njia ya Chwele, kutoka Bungoma kwenda Kitale, inapokea na mizigo midogo.

Kesho yake asubuhi Arafa aliliona tangazo hilo kwenye ramani, akapiga simu.

"Assalamu alaikum, Naim. Chwele umeifanya nini?"

"Waalaikum salaam, injinia. Nimeipendezesha."

"Unatangaza mizigo midogo. Kadi yangu huku haiwezi kuipokea."

"Najua. Lakini kadi yako si inakuja mwisho wa mwezi? Ruhusa ya vyumba vidogo Nairobi wameshanipa. Sasa nisubiri, halafu nianze kuiomba upya? Si unajua vile wanasumbua, bana."

"Na mzigo ukija kabla ya kadi?"

"Utapita Webuye. Webuye ndiyo fupi. Ni nani atataka kuzunguka na miwa ya Kabuchai?" Akacheka kile kicheko chake cha pumzi ndefu. "Arafa, wewe siku ya kuolewa utataka bwana aandike kwanza vitu vyote ambavyo hawezi."

"Tena atie sahihi," Arafa alimjibu.

Hapo ndipo angeshikilia. Angewaandikia wakubwa barua pepe fupi tu, na mambo yangekwisha. Hakuandika. Alijiambia kwamba mwisho wa mwezi si mbali, kwamba hakutaka kumchongea mwenzake, na sababu ya tatu hakujiambia kwa sauti: alikuwa ameanza kuzitafutia visingizio zile simu za Bungoma. Mwezi ukaisha, kadi ya Kitale ikakwama stoo Nairobi. Ukaja mwingine, mvua zikaanza kunyesha kila alasiri, na tangazo la Chwele likaendelea kukaa kwenye ramani mpaka wote wawili wakalizoea.

Ilikuwa asubuhi ya Jumatano, mwezi wa tano, tingatinga lililokuwa likichimba mtaro kando ya barabara pale Misikhu lilipoinua udongo pamoja na kebo. Kitale, taa nyekundu ziliwaka kabatini. Arafa hakushtuka sana. Alitazama mizigo mikubwa ikihama yenyewe kutoka njia ya Webuye kwenda ya Chwele, mmoja baada ya mwingine, akamshukuru Mungu, akainua simu amuulize Naim kama amesikia. Kabla hajabonyeza, simu ikalia mkononi mwake.

Alikuwa Phanice. Hawa wawili walikuwa marafiki tangu sekondari, na sasa Phanice alikuwa mkunga katika zahanati ndogo ya Kachibora. Zahanati hiyo ilikuwa na mashine ya kupiga picha za tumbo lakini haikuwa na daktari wa kuzisoma. Daktari alikaa Bungoma, na picha zilimfikia papo hapo kwa faiba, mama akiwa bado kitandani.

"Arafa, laini yetu imekufa!" Phanice hakusalimu. "Nina mama hapa, mimba ya miezi minane, anatokwa na damu. Daktari alikuwa anaangalia kondo limekaa wapi, akaniambia nisimguse, halafu akapotea. Kwa simu tunaongea lakini haoni kitu. Hajui kama nimpeleke Kitale saa hii, na vile barabara iko, ama nimlaze kwanza tungoje ambulansi."

"Usikate simu. Hapana, kata, nitakupigia."

Arafa aliivuta kompyuta karibu. Laini za zahanati zilikuwa zimefungwa pamoja kuwa mzigo mmoja mdogo ambao Bungoma, upande wa daktari, ndiyo iliyoupangia njia, na alipoutafuta aliona kilichokuwa kikitendeka. Bungoma iliangalia ramani, ikaona Chwele ndiyo njia fupi na ina nafasi ya mizigo midogo, ikapiga hodi Kitale. Kadi ya Kitale ikakataa. Bungoma ikasubiri kidogo, ikaangalia tena ramani ileile, ikapiga hodi mlango uleule. Njia ya Eldoret ilikuwa wazi muda wote huo, ina nafasi tele, na hakuna aliyeiuliza.

Tangazo la Bungoma hangeweza kulifuta akiwa Kitale. Hilo ni la Bungoma. Akampigia Naim.

"Niko Misikhu tayari, tulikuwa hapa karibu kwa kazi nyingine," Naim alisema, na nyuma yake mvua ilikuwa ikipiga bati la mtu. "Wametumaliza, injinia. Kebo iko juu kama..."

"Naim. Chwele."

Kwa mara ya kwanza tangu amjue, hakucheka.

"Ni mzigo gani?"

"Zahanati ya Kachibora. Kuna mama anatokwa na damu na daktari hamwoni."

Alisikia mlango wa gari ukifunguliwa, kisha sauti ya mtu mwingine ikiita kwa mbali, "Bosi, harafu hii kebo ya pili nayo iko na jeraha!" na Naim akimjibu, "Mukhisa, ngoja! Ngoja kidogo!" Kisha pumzi zake tu, na vidole kwenye laptopu.

"Mtandao wa simu huku ni mbaya," alisema. "Inazunguka. Inazunguka tu. Ya Rabi."

"Usiharakishe. Ukikosea tutaangusha na ile mikubwa."

"Imeingia. Niko ndani."

"Njia ya Chwele, kwenda Kitale. Aina za mizigo. Ondoa midogo peke yake. Mikubwa usiiguse, iko juu ya hiyo njia sasa hivi."

"Naona midogo. Naondoa." Kitufe kikagonga. "Nimeondoa. Niambie unaona nini."

Arafa alikuwa akiiangalia skrini kwa namna ambayo mama yake huangalia maziwa yakikaribia kuchemka. Tangazo jipya la Bungoma lilifika. Kitale ikalipokea, ikalipitisha kwa majirani, na ramani ikabadilika. Bungoma ilipoangalia safari hii, Chwele haikuwa na kitu cha kuupa mzigo mdogo, basi ikageuka upande wa Eldoret, ikapiga hodi huko, na huko kila mlango ukafunguka.

"Imepita," alisema, akitafuta namba ya Phanice.

Alipompigia Phanice, Phanice alisema, "Amerudi! Anaona!" akakata. Hakupiga tena mpaka mchana, akiwa amekaa kwenye korido ya hospitali Kitale na sauti imemkauka. Kondo lilikuwa limeziba njia. Daktari alipoliona alisema mama aondoke saa ileile, asingoje kitu. Dereva wa kijijini aliwaleta kwa gari lake la kubebea viazi lenye turubai, na wakapita matope yote bila kukwama. Mama alifanyiwa upasuaji. Mtoto alikuwa msichana, mdogo sana, lakini alilia.

Arafa alimshukuru, akaweka simu mfukoni, akaingia chumba cha mitambo ambako feni hupiga kelele mchana na usiku, akalia humo mpaka akatosheka. Alikuwa bado anajifuta Naim alipopiga.

"Arafa, nisamehe. Uliniambia."

"Nilikuambia mara moja halafu nikanyamaza. Nimekuwa nikiliangalia lile tangazo miezi mitatu."

"Hata hivyo."

"Hata hivyo," Arafa alikubali, na hakuna aliyekata simu.

Alasiri hiyo mashine ya kupimia mwanga ya Bungoma iliingia maji, na Mukhisa, fundi wa kuunga faiba, hakuweza kuendelea bila kujua nyuzi zingine zimeumia wapi. Iliyokuwa karibu ni ya Kitale. Arafa angeweza kuipeleka kwa dereva. Aliichukua mwenyewe, akapanda mbele kwenye pikapu ya kampuni, akakaa na ile mashine mapajani mpaka Misikhu.

Kwa sauti yake, Arafa alikuwa amemwazia Naim kuwa mtu mrefu, mnene kidogo, wa kujiamini. Aliyetoka chini ya hema la Mukhisa alikuwa mfupi, mwembamba, matope mpaka magotini, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja.

"Wewe ndiye Arafa?"

"Ndiye mimi. Ulitarajia nani?"

"Mtu mkali," Naim alisema, akaipokea mashine kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto. "Asante kwa kuja."

Mukhisa alikuwa amejikunja hemani, akiunga nyuzi nyembamba kuliko nywele, na kila mara alitaka mtu amshikie tochi. Walimshikia kwa zamu. Mama mmoja wa pale sokoni, aliyekuwa amekosa mtandao tangu asubuhi na hivyo kukosa wateja wa kulipa kwa simu, aliwaletea chai ya maziwa kwenye jagi ili wamalize upesi. Waliinywa wamesimama chini ya paa la kibanda chake, wakitazama mvua ikijaza ule mtaro.

"Nimeandika ripoti," Naim alisema. "Nimesema ni mimi niliyeandika kwa mkono."

"Na mimi nimeandika yangu. Nimesema niliona."

"Haikuwa lazima."

"Ilikuwa lazima."

Naim alizungusha kikombe. "Unajua shida yangu ni nini? Mimi kitu kikiwa karibu kuwa tayari, kwangu kimeshakuwa tayari. Niliiona hiyo kadi yako imeshafika, imeshaingia, inafanya kazi. Niliiona kabisa. Yule mama angekufa kwa sababu ya kitu nilichokiona mimi tu."

Arafa hakumwambia kwamba si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Alimimina chai iliyobaki kwenye jagi, akaigawa sawa kwa sawa katika vikombe vyao viwili, na Naim akainywa yake yote ingawa ilikuwa imeshapoa.

Wakubwa waliwapa onyo wote wawili, la Naim kali zaidi, na mwezi wa sita kadi ya Kitale ikafika. Arafa aliitia mwenyewe. Ilipowaka, iliongea na ile ya Bungoma, wakaelewana, na Chwele ikaanza kutangaza mizigo midogo bila mtu kuigusa. Simu ya Bungoma ilikuja dakika hiyohiyo. "Umeona?" "Nimeona." Hawakuwa na zaidi ya kusema kuhusu kazi, lakini waliongea muda mrefu.

Mwezi wa nane Naim alituma wazee. Aliyeongoza msafara alikuwa ami yake, Zahid, muuza viungo wa Bungoma aliyemlea tangu baba yake alipofariki, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, na wa maneno matamu. Kwa desturi Naim angebaki nyumbani, lakini Mzee Hamdun alikuwa amesema waziwazi, "Na kijana mwenyewe aje, nimwone." Walikaa sebuleni. Arafa na Bi Suad walikuwa jikoni wakikaanga sambusa, na kati ya jikoni na sebule palikuwa na pazia tu.

Zahid alianza vizuri, kwa sala na sifa za familia ya mwenyeji. Kisha akafika kwa kijana wake.

"Huyu kwanza ana nyumba yake pale Bungoma."

"Samahani, Ami," sauti ya Naim ilisikika, ya upole. "Ni chumba na sebule, tena ya kupanga. Kiwanja nina, upande wa Kanduyi, lakini kwa sasa kina mahindi."

Zahid alikohoa. "Kazini ndiye mkubwa wa kituo."

"Tuko wawili, Ami. Mkubwa ni yule mwingine."

Jikoni, Bi Suad aliacha kijiko hewani.

"Ni mpole," Zahid alisema, sasa kwa tahadhari, akimtazama mwanawe kwa pembe ya jicho. "Hajawahi kumkasirikia mtu."

"Nikiwa na njaa nakasirika. Hilo ni vizuri walijue mapema."

"Ya Allah," Zahid alilalamika kwa mwenyeji wake. "Mzee Hamdun, mimi nimeposea vijana wengi, na huyu ndiye wa kwanza kuniharibia posa yeye mwenyewe."

Mzee Hamdun hakucheka bado. Aliweka miwani sawasawa, vile anavyofanya akitaka kuona mshono. "Haya, kijana. Nimesikia usichokuwa nacho. Sasa niambie unaweza nini."

Nyuma ya pazia, Arafa aliona sambusa moja ikianza kuungua na hakuigeuza.

"Naweza kuamka mapema," Naim alisema. "Naweza kupika wali na mchuzi, chapati bado. Mshahara wangu unatosha watu wawili wasiopenda makuu. Nimeomba uhamisho kuja Kitale ili asiwe mbali na nyinyi, ila sijajibiwa, kwa hivyo hilo siwezi kuwaahidi. Na binti yako akiniambia kitu, naweza kumsikiliza mara ya kwanza. Hilo sikuwa naliweza. Nimelijua mwaka huu."

Ndipo Mzee Hamdun alipocheka, kwanza kidogo, kisha kwa mwili mzima, na Zahid, akiona kumbe mambo hayajaharibika, naye akacheka akijipangusa jasho.

Bi Suad alilisogeza karai kutoka motoni. "Hajui kujisifu kabisa," alinong'ona. "Utaishi naye vipi mtu kama huyo?"

"Vizuri, Mama."

"Na uhamisho ukikataliwa?"

"Nitakuwa nakuja kila Jumamosi."

Bi Suad alimpangusa binti yake unga shavuni kwa kanga, akaanza kupanga sambusa kwenye sinia, zile nzuri juu na ile iliyoungua chini kabisa. Alikuwa hajamaliza waliposikia Mzee Hamdun akisema sebuleni, "Haya, tusome Fatiha." Basi waliacha kila kitu, wakaja wakasimama nyuma ya pazia, viganja vimeinuliwa vikiwa bado vinang'aa mafuta, wakasoma kwa sauti ya chini na kuitikia amina pamoja na wale waliokuwa upande wa pili.